Mbwa akifa: kuna kuchoma na kuchoma

Swali: Shikamoo daktari. Tuna mbwa wetu Bobi, German Shepherd wa miaka kumi na moja. Figo zake zimechoka na daktari anayemtibu ametuambia tujiandae. Tumepanga nyumba hapa Forest, Mbeya, na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kuzika mbwa uani. Wazazi wangu wana shamba la parachichi Tukuyu. Sasa binti yangu aliyeko chuo Dodoma ameona mtandaoni kwamba mbwa akifa anachomwa, unapewa majivu yake kwenye kichupa, na ameng'ang'ania Bobi afanyiwe hivyo. Mama mkwe naye anasema hayo ni mambo ya Wahindi. Naomba unieleweshe huko kuchoma kukoje, kama hapa Mbeya kunawezekana, na nitajuaje kwamba majivu nitakayopewa ni ya Bobi na si ya mbwa mwingine.

Jibu: Marahaba mama, na poleni kwa kuuguza. Umefanya vema kuuliza Bobi akiwa bado hai. Simu nyingi ninazopokea za namna hii huja mwili ukiwa umeshakakamaa, kijana wa kazi ameshika jembe, mvua inanyesha, na hapo hakuna tena cha kuchagua.

Kabla hujaulizia bei wala mahali, mpigie binti mmalize swali moja: mnataka majivu ya Bobi mkononi, au mnataka mwili wake uondoke kwa usafi na heshima? Watu hudhani ni jambo moja. Kwa hapa Nyanda za Juu Kusini hilo la pili lina njia kadhaa. La kwanza lina kazi, na ukisoma mpaka mwisho utaona kwa nini.

Alichokiona binti ni tanuri lililojengwa kwa kazi hiyo tu. Limezungushiwa matofali yanayohimili moto, linawashwa kwa gesi au dizeli, na joto lake hufika kati ya nyuzijoto 800 na 1,000. Mwili wa mbwa kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo kwanza maji hukauka, kisha mafuta na nyama huungua, na kinachobaki ni madini ya mifupa. Moshi haupandi moja kwa moja hewani. Hupitishwa kwenye chumba cha pili uungue tena. Ulaya, kwa mfano, sheria inataka moshi huo ukae kwenye nyuzijoto 850 kwa sekunde mbili nzima. Mbwa wa ukubwa wa Bobi huchukua kama saa mbili hivi. Baadaye mifupa ikipoa, vyuma hutolewa, halafu mifupa husagwa kwa mashine. Kwa hiyo yale yanayoitwa majivu si kama majivu ya jikoni. Ni unga wa mifupa, mweupe wa kijivujivu, wenye chenga kama mchanga.

Uzito wake ni kama asilimia tatu na nusu ya uzito wa mnyama alipokuwa hai. Tuseme Bobi ana kilo 32: mtapata kilo moja na gramu mia hivi, ujazo unaozidi lita moja kidogo. Kichupa alichokiona binti kwenye picha labda kilikuwa cha paka. Mkifikia huko, nunueni chungu kidogo chenye mfuniko cha Wakisi wa Matema, kitatosha na kitakaa vizuri kabatini kuliko chupa ya kuagiza.

Sasa aina zake. Katika nchi ambako huduma hii imezoeleka, kama Marekani, Uingereza na Afrika Kusini, mteja huulizwa achague kati ya tatu. Kuna kuchomwa peke yake: mwili mmoja ndani ya tanuri, tanuri linasafishwa, majivu yanatolewa, ndipo mwingine anaingia. Kuna kuchomwa kwa kutengwa: miili kadhaa huingia pamoja, lakini kila mmoja na nafasi yake, imeachwa nafasi au kuwekwa kizuizi cha matofali katikati. Na kuna kuchomwa kwa pamoja, ambako miili huingizwa kwa mkupuo, majivu huchanganyika na mwenye mbwa harudishiwi kitu. Hiyo ya tatu ndiyo ya bei nafuu, na haina ubaya wowote kwa mtu asiyetaka majivu.

Ugomvi huwa kwenye hiyo ya katikati. Feni ya tanuri inapopuliza, unga mwepesi huhama kutoka fungu moja kwenda jingine, na anayekusanya kwa reki hawezi kutenganisha kila chembe. Wauzaji wengine huiita ya peke yake kwa sababu tu kila mbwa ana kona yake. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwenye tanuri si "majivu ni ya mbwa wangu?", maana hilo kila mtu atajibu ndiyo. Muulize: wakati Bobi yumo ndani, kuna mwili mwingine wowote humo? Muulize kama kuna kibati cha chuma chenye namba kinachoingia tanurini pamoja na mwili na kutoka pamoja na majivu. Mahali panapofanya kazi kwa utaratibu hicho kibati kipo, na namba yake ndiyo iliyo kwenye karatasi yako. Muulize kama mnaruhusiwa kushuhudia akiingizwa. Halafu pima majivu kwenye mzani. Mbwa wa kilo 32 akirudi gramu mia tatu, au akirudi kilo tatu, una haki ya kuuliza. Hata kwa uaminifu wote, chembe chache za aliyetangulia hubaki kwenye nyufa za matofali. Anayekuhakikishia usafi wa asilimia mia anakupamba.

Siku hizi kuna pia njia ya maji. Mwili huwekwa kwenye mtungi wa chuma wenye maji ya moto na dawa kali ya potasiamu haidroksidi, nyama huyeyuka kwa saa kadhaa na mifupa hubaki laini, ikakaushwa na kusagwa. Ndivyo alivyofanyiwa Askofu Mkuu Desmond Tutu kule Cape Town, alipofariki mwishoni mwa 2021. Nakutajia ili ukiisikia usishangae.

Turudi Mbeya. Katika kazi yangu sijakutana na tanuri lililojengwa kwa ajili ya mbwa na paka, si hapa, si Iringa, si Njombe. Mtu akikwambia "nitakuchomea mbwa wako", mara nyingi ana moja kati ya mambo mawili kichwani: kichomea taka cha hospitali, au moto wa kuni.

Kichomea taka unakijua, ile nyumba ndogo ya matofali yenye bomba refu nyuma ya hospitali au kituo cha afya. Kimejengwa kwa ajili ya sindano, bendeji, glavu na mabaki ya upasuaji. Vingi ni vidogo, vya kulishwa kidogo kidogo, na mlango wake haumpitishi German Shepherd bila kumkatakata, jambo ambalo nina hakika hutaki kulisikia. Hata kikiwa kikubwa, na mkuu wa kituo akakubali, majivu yake hayatoki mtu kuyapeleka nyumbani. Yana sindano zilizoungua nusu, vioo vya chupa za dawa na vyuma; kisheria ni taka hatarishi na hufukiwa kwenye shimo lao maalumu. Hiyo ni njia ya kuondoa mwili, na kwa mbwa aliyekufa kwa ugonjwa wa kuambukiza ni njia nzuri. Kwa binti anayesubiri majivu Dodoma haifai. Mtu akichukua mwili apeleke hospitali halafu akakurudishia kimfuko cha majivu meupe, safi, jiulize kayatoa wapi.

Moto wa kuni ndio unaohitaji maelezo marefu, kwa sababu watu wa kwetu wenye mashamba huuona rahisi. Kuni zipo, miwati na mikaratusi imejaa. Ila ugumu wake hauonekani mpaka uanze. India, mwili wa mtu mzima kwa desturi hutumia kilo 400 hadi 500 za kuni. Bobi ni nusu ya mtu kwa uzito, kwa hiyo weka kilo 200 za kuni kavu, zilizopasuliwa, za mwaka jana. Mbichi zitakupa moshi na mwili uliobabuka nje tu. Kuni hupangwa kwa kupishana kama ulalo wa tanuri la matofali ili hewa ipite chini, mwili unalala juu ya rundo, wala si ndani ya shimo chini ya kuni, na magogo mengine yanaegemezwa juu. Petroli usiitumie kabisa. Inalipuka usoni, inaungua kwa dakika chache na inaacha mwili vilevile. Matairi nayo hapana, mama, hata fundi akikwambia ndiyo yanayoshika moto. Andaa siku nzima na watu wawili wasioondoka pale, wenye ndoo za maji na matawi mabichi. Na ufanye hivyo baada ya kumwarifu mwenyekiti wa kijiji, maana kuanzia Agosti mpaka mvua za Novemba moto mmoja wa shambani unamaliza msitu wa jirani, na kesi yake utaijibu wewe.

Sasa hesabu ya majivu. Kuni kavu huacha majivu kama asilimia moja ya uzito wake. Kilo 200 zitakuachia kilo mbili. Bobi ataacha kilo moja na kidogo. Ukikusanya karai zima na kumpelekea binti, theluthi mbili ya atakachokumbatia ni muwati. Njia pekee ya kumpata Bobi mwenyewe ni kusubiri moto upoe usiku kucha, kisha kuokota mifupa kwa mkono. Moto wa wazi haupati joto sawasawa, kwa hiyo utakuta vipande vya rangi mbili. Vyeupe ni vilivyoiva; ukivibana kati ya vidole vinavunjika kama chaki. Vyeusi bado vina mkaa ndani, havijaisha, na vinatakiwa kurudi motoni. Utakuta vipande vya fuvu, meno, vichwa vya mifupa ya mapaja, pingili za mkia. Kuna watu wanaoliweza hilo kwa utulivu na kuna wasioliweza, na wewe ndiye unayejijua. Mjini Forest lakini usithubutu. Moshi na harufu vitafika nyumba kumi, na mwenye nyumba asiyetaka kaburi hatataka tanuru.

Kusafirisha mwili mpaka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800 ndani ya barafu, kutafuta mtu wa kuuchoma, mimi sikushauri. Matanuri ya Wahindu yamejengwa kwa ajili ya binadamu na ni sehemu ya ibada yao. Kwenda na mbwa pale ni kuwakosea adabu wenyewe.

Kuhusu mama mkwe, sitaingia katikati yenu. Ila ukipenda, mkumbushe kwamba Profesa Wangari Maathai, Mkikuyu na Mkristo, alichomwa Nairobi mwaka 2011 kwa wosia wake mwenyewe, kwa hiyo jambo hili halina kabila moja wala dini moja. Kama anachoogopa ni watu kusema, watasema hata mkimzika. Kwetu mtu akimlilia mbwa anachekwa kidogo. Miaka hii ya kazi imenizoesha kutojali.

Kuna mambo mawili ya afya ambayo lazima uyajue kabla ya siku yenyewe. La kwanza ni sindano. Figo zikifika mwisho, pengine daktari atawashauri Bobi apumzishwe kwa sindano ili asiteseke. Muulize ni dawa gani. Kama ni pentobabitali, fahamu kwamba inabaki mwilini na hata udongoni kwa muda mrefu. Mbwa koko au ndege wa mizoga wakiufukua mwili na kuula, nao wanaweza kufa. Moto mkali huiharibu dawa hiyo, na hilo ndilo jambo moja ambalo kuchoma kunakuzidi kuzika. Ukizika basi, kina cha kaburi si hiari tena.

La pili ni hizo figo zenyewe. Figo za mbwa mzee huchoka kwa uzee tu, lakini kuna bakteria wanaoziharibu ambao humpata na mtu, ule ugonjwa uliotangazwa Ruangwa mkoani Lindi mwaka 2022 kwa jina la homa ya mgunda. Huishi kwenye mkojo. Muulize daktari kama Bobi amepimwa au chanjo yake ilikuwa na kinga hiyo. Ukiwa na shaka, vaa glavu unaposafisha mkojo wake sasa hivi akiwa hai, na siku ya kumwosha na kumfunga pia, halafu nawa kwa sabuni.

Wasomaji wengine ambao mbwa wao alibadilika ghafla, akawa anadondosha mate, hawezi kumeza au anauma hovyo kabla ya kufa, maelezo ya hapo juu hayawahusu. Hapo ni kudhani kichaa cha mbwa. Usimguse, usimzike kimyakimya, mwite afisa mifugo wa kata aamue sampuli ichukuliwe au la. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa. Aliyeumwa au kupakwa mate kwenye kidonda aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha akimbilie hospitali siku hiyohiyo kwa chanjo.

Kwa Bobi, ungekuwa dada yangu, ningekuambia hivi: mpelekeni Tukuyu. Mna shamba la familia, halitauzwa mwezi ujao kama mnavyoweza kuhama nyumba ya kupanga, na udongo wa volkano wa Rungwe unachimbika vizuri kuliko miamba ya Iringa inayotoa cheche kwenye sururu. Chimbeni mita moja na robo au zaidi, ili juu yake pabaki karibu mita nzima ya udongo ulioshindiliwa. Wekeni mawe makubwa juu kwa miezi ya mwanzo, kwa sababu mbwa wa majirani watakuja kunusa. Pawe mbali na kijito au chemchemi, angalau mita 60, ambazo ndizo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazitaja kwa vyanzo vya maji. Na si bondeni kwenye vinyungu, ambako shimo hujaa maji kabla hujafika kiunoni. Mfungeni kwa shuka ya pamba. Nailoni na salfeti viondoeni kabla ya kufukia. Chokaa msimwage, ingawa kila mzee atawaambia muimwage: inapunguza harufu lakini inachelewesha mwili kuoza.

Binti naye asibaki mikono mitupu. Akija likizo Bobi akiwa hai, apake mguu wake wino wa muhuri au masizi yaliyokorogwa na mafuta, aukandamize kwenye karatasi nene, kisha asafishe kabla mbwa hajalamba. Kata kishungi cha manyoya ya shingoni. Kola ibaki kwenu. Haiingii kaburini wala motoni, kwa kuwa ngozi na plastiki hutoa moshi mbaya. Wengi waliodai majivu nimewaona wakiridhika na hivyo.

Asiporidhika, na akisisitiza moto wa shambani, basi fanyeni Juni au Julai, nyasi zikiwa hazijakauka sana, kwa masharti niliyoyataja. Na majivu yoyote mtakayopata, ya mifupa au ya kuni, msiyamwage kwenye shina la parachichi. Yana chumvi nyingi, na parachichi ni katika miti inayochukia chumvi. Majani yake yataungua kingo. Changanyeni na udongo na mboji ya kutosha, mtawanye mbali na shina.

Akifia usiku, usihangaike mpaka asubuhi. Mkunje miguu mapema kama alivyokuwa akilala, maana saa chache baadaye hatakunjika tena. Mlaze kwenye sakafu ya saruji mahali pa kivuli, magazeti na nailoni chini kwa sababu maji yatamtoka mdomoni na nyuma, funika na shuka, na pakiti za barafu tumboni kama kuna joto. Usiku wa Mbeya wa Juni unakusaidia wenyewe. Mwezi wa Oktoba usivushe siku moja. Jokofu la chakula lisihusike.

Na gari lizungumzieni tangu sasa. Ni kama kilomita 70 mpaka Tukuyu, makonda wa Hiace na Costa hawatampakia, na bodaboda kwa mbwa wa kilo 32 msijaribu. Tafuteni mwenye pikapu mnayefahamiana naye, mwambieni ukweli mzigo ni nini, na mkubaliane bei kabla ya siku yenyewe.